Funza hutoboa, kuvu huingia: vita ya sumukuvu huanza shambani

Wiki iliyopita katika kipindi chetu cha wakulima alipiga simu mama mmoja, sauti yake ya kuchoka. "Mwanangu," akasema, "nielekeze dawa ya kuua ukungu kwenye mahindi ya ghalani inauzwa wapi. Nimezunguka maduka yote ya pembejeo hapa mnadani, kila nikiulizia dawa ya ukungu napewa dawa ya wadudu." Taarifa ya habari ilikuwa imebakiza dakika moja, nikamwahidi kwamba jibu nitaliandika hapa, walisome na wengine.

Mama yangu, wale wenye maduka hawakukosea sana. Hakuna dawa ya kunyunyiza ghalani ikaondoa sumu ya ukungu kwenye mahindi. Ikishaingia imeingia. Mdudu na ukungu ni kesi moja: mdudu ndiye anayevunja mlango, kuvu anafuata nyuma yake. Na mlango huo mara nyingi huvunjwa hindi likiwa bado limesimama shambani, miezi kabla hujalitia kwenye gunia.

Kwa sisi wa kanda ya kati hili si jambo la kusimuliwa. Katikati ya mwaka 2016, mimi nikiwa mgeni kabisa kwenye kazi hii ya utangazaji, tulisoma habari za watu wanaougua katika mikoa ya Dodoma na Manyara: macho ya njano, kutapika, tumbo na miguu kuvimba. Siku za mwanzo tuliuita ugonjwa usiojulikana. Kisha ikathibitika ni sumukuvu, na chakula kilichowaleta hospitali ni ugali wa mahindi waliyolima wenyewe. Waliorodheshwa wagonjwa 68, na 20 kati yao walifariki. Wenzetu wa Kenya walipitia makubwa zaidi mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui: wagonjwa 317, vifo 125.

Kuvu anayetengeneza sumu hii anaishi kwenye udongo na kwenye mabaki ya mazao. Ukimwona, huwa ni vumbi la kijani lenye unjano kati ya punje. Shida ni kwamba sumu yenyewe haionekani, haina harufu wala ladha, na haifi kwa moto wa jikoni. Unaweza kusonga ugali ukaiva vizuri, na sumu ikabaki vilevile. Kiwango kinachoruhusiwa katika Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo moja ya mahindi. Nimepiga hesabu ili tuelewane: hiyo ni gramu moja tu ya sumu katika magunia 1,000 ya kilo 100. Kwa hiyo anayekwambia anaitambua kwa kuonja, anajidanganya.

Wanaokula nyingi kwa muda mfupi huharibika ini na wanaweza kufa. Wanaokula kidogokidogo kwa miaka mingi wamo kwenye hatari ya saratani ya ini, na hatari hiyo hupanda sana kwa mwenye virusi vya homa ya ini B.

Mlango wa kwanza uko kwenye hindi bichi

Sasa twende shambani. Kuvu wa sumu hupenda joto na hupenda mmea uliochoka. Mvua zikikatika wakati mahindi yanajaza punje, kama tunavyozoea huku kwetu, mmea hukosa nguvu ya kujikinga. Ndiyo maana kupanda mapema na kutumia mbegu inayokomaa haraka si ushauri wa kuwahi mvua tu.

Juu ya hapo anakuja mdudu. Bungua wa mabua tunamjua tangu enzi za babu zetu. Kiwavijeshi vamizi aliingia nchini mwaka 2017, naye hali majani peke yake. Hindi likitoa nywele huingia kwenye gunzi kupitia nchani au hutoboa maganda ubavuni. Kila anapopita anaacha punje zilizojeruhiwa na kinyesi chenye unyevu, na mbegu za kuvu zinazopeperuka hewani hutua hapohapo. Menya hindi lenye tundu la funza uangalie: ukungu mara nyingi umeifuata njia yake kama mtu anayefuata nyayo.

Akishakuwa ndani ya gunzi, dawa unayopuliza nje haimfikii. Unapoteza hela na unapulizia chakula sumu karibu na kuvuna. Wakati wa kumkamata ni mmea ukiwa mdogo. Anza kukagua wiki chache tu baada ya mahindi kuota, asubuhi au jioni. Usikague mstari wa njiani peke yake (wengi wetu ndivyo tufanyavyo, kwa sababu ndiko tunakopita), ingia katikati. Tafuta majani yenye vidirisha vyeupe, matundu, na uchafu kama unga wa mbao uliolowa kwenye moyo wa mhindi. Mkubwa mtamtambua kwa alama ya Y iliyogeuzwa usoni, na madoa manne yaliyopangika kama pembe za mraba karibu na mkiani. Shamba likiwa dogo, waokote na kuwaponda kwa mkono, na mayai yaliyojibandika kwenye majani pia. Likiwa kubwa, muone afisa ugani akutajie kiuatilifu kilichosajiliwa na kipimo chake, maana mimi dawa sitataja kwenye simu.

Kuna njia nyingine inayoitwa sukuma-vuta. Unapanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi, harufu yake huwafukuza wadudu, na pembezoni mwa shamba unaotesha majani ya tembo au brakiaria yanayowavutia nje. Ilianzia kwenye utafiti uliofanyika Mbita, Kenya, ukingoni mwa Ziwa Victoria. Inahitaji subira na mbegu ya desmodiamu si rahisi kuipata kila mahali, lakini mwenye ng'ombe hapati hasara, kwa kuwa yote hayo ni malisho.

Jambo dogo ambalo watu hulisahau wakinunua mbegu: uliza kama maganda yake hufunika gunzi mpaka nchani, na kama hindi likikomaa huinamisha kichwa. Lililofunikwa vizuri humchelewesha funza, na lililoinama halikingi maji ya mvua.

Na yupo kuvu anayepigana na kuvu. Aflasafe ni punje za mtama zilizopakwa jamii ya kuvu uleule lakini isiyotengeneza sumu. Unamwaga shambani kilo 4 kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajatoa mbelewele, ardhi ikiwa na unyevu. Kuvu huyu mwema hushika nafasi, mbaya akifika anakuta kiti kimekaliwa. Ukishamwaga usilime tena palizi, utazifukia. Ulizia ofisi ya kilimo ya kata yako mapema, usingoje mbelewele zitoke ndipo uanze kutafuta.

Kuvuna na kukausha

Pukuchua punje chache uangalie kwenye ncha inayoshika gunzi. Ukiona doa jeusi, hindi limekomaa, halijazi tena. Kuanzia hapo kila wiki unayoliacha limesimama ni zawadi kwa fukusi na dumuzi, ambao huruka kutoka ghalani kwenda shambani kuanza kazi huko. Lakini hindi lililokomaa bado lina maji mengi, kwa hiyo ukiwahi kuvuna lazima uwahi kukausha. Weka kwenye kichanja au juu ya turubai, si chini kwenye udongo, kwa sababu udongo ndio nyumba ya kuvu. Tandaza safu nyembamba, geuza mara kwa mara, jioni funika.

Halafu kuna hili la kujaza mahindi kwenye gunia na kuyapiga kwa fimbo. Najua ni kazi ya haraka na vijana huifanya kwa nyimbo. Ila kila punje inayopasuka ni mlango mwingine, safari hii tumeuvunja sisi. Mashine ya kupukuchua iliyorekebishwa vizuri ni nafuu kwa punje, na mikono ya familia ni nafuu zaidi.

Kujua kama yamekauka, wengi tunauma punje. Meno si kipimo kizuri. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, yenye kifuniko. Anika chumvi juani mpaka ikauke, kwani chumvi mbichi itakudanganya. Weka mahindi yafike theluthi moja ya chupa, tia chumvi vijiko viwili au vitatu vya chai, funga, tikisa vizuri, kisha acha kwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu bado umezidi asilimia 15. Isipoganda, umeshuka chini ya hapo, lakini viwango vinataka usizidi asilimia 13.5, kwa hiyo mimi ningeongeza siku nyingine ya jua.

Ghalani

Wadudu wa ghalani hupumua kama sisi, na pumzi yao huleta joto na unyevu. Ndiyo maana gunia lililokauka vizuri mwezi wa saba linaweza kuwa na bonge la ukungu katikati ifikapo Desemba. Dumuzi ndiye mkorofi wao. Alionekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wakambandika jina la Scania, lile lori kubwa, kwa jinsi alivyozoa mzigo.

Mifuko isiyopitisha hewa, ile wengi wanayoijua kwa jina la PICS, ina nailoni mbili ndani na kiroba nje. Ukiifunga vizuri, wadudu humaliza hewa iliyomo na kufa, bila dawa yoyote. Kagua nailoni kama haijatoboka kabla ya kujaza. Na usiweke mahindi mabichi humo: hapo utakuwa umemjengea kuvu nyumba. Anayetumia dawa ya unga achague yenye viambato viwili, kimoja cha fukusi na kingine cha dumuzi, aangalie tarehe na afuate kipimo.

Kabla ya kusaga, chambua. Sumu nyingi hukaa kwenye punje chache: zilizotobolewa, zilizopasuka, zilizobadilika rangi. Kukoboa nako hupunguza, kwa sababu sehemu kubwa huondoka na pumba. Hapo ndipo tunapojisahau, pumba hizo tunawapa kuku. Mahindi mabovu tunapikia pombe, au tunampa ng'ombe, na sumu inarudi mezani ndani ya maziwa. Yafukie mbali na kisima, au yachome.

Naelewa uchungu wa kutupa debe mwaka wa njaa, sitajifanya sielewi. Sokoni nako si salama kwa mzigo mchafu: Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu hii, kabla ya kuyaruhusu kwa masharti.

Mama uliyepiga simu, mahindi yako ya sasa yapime kwa chupa, yaanike tena kama chumvi itaganda, na uyachambue. Kama kuna mtu nyumbani ambaye macho yamekuwa ya njano, mpeleke kituo cha afya leo, ubebe na unga mliokuwa mnakula. Jumanne jioni afisa kilimo atakuwa nami studio kwa maswali ya viwavijeshi. Njooni na chupa zenu.