Mhimili wa mfupa na mhimili wa uzito

Mhimili (wingi: mihimili, ngeli ya U-I) ni nguzo inayobeba uzito, pia ni mstari ambao kitu huuzunguka au hupimwa kwao. Katika tiba ya mifupa neno hili hutaja mistari miwili, na mfasiri asiyeitenganisha hupotosha vipimo.

Mhimili wa mfupa hupita katikati ya mfupa kwa urefu wake. Mhimili wa uzito huanzia katikati ya kichwa cha fupa la paja, kwenye nyonga, hupita katikati ya goti, na kuishia katikati ya kifundo cha mguu. Kwa kuwa shingo ya fupa la paja huelekea ndani, mihimili hiyo miwili hutofautiana pajani kwa takriban nyuzi 5 hadi 7. Katika muundi hukaribia kuwa mmoja.

Tofauti hiyo hudhihirika katika upasuaji wa kuweka goti bandia. Lengo lililozoeleka ni mhimili wa uzito kunyooka kwa nyuzi 180, na kosa lisizidi nyuzi 3. Kwa njia ya zamani, daktari hupitisha ufito wa chuma ndani ya fupa la paja. Ufito huonyesha mhimili wa mfupa. Mhimili wa uzito hukadiriwa kutokana na huo.

Kwa msaada wa kompyuta, mhimili wa uzito hupimwa. Alama hufungwa kwenye fupa la paja na kwenye muundi, na kamera huzifuatilia. Daktari anapozungusha paja, alama husogea juu ya umbo la tufe. Kompyuta hukokotoa kitovu cha tufe hilo, nacho ndicho kitovu cha nyonga, ambacho mkono haukifikii. Goti bandia la kwanza kwa njia hii liliwekwa Grenoble, Ufaransa, mwaka 1997.

Matumizi:

Sahihi: Fupa la paja lilikatwa kwa nyuzi 90 kutoka mhimili wa uzito.
Si sahihi: Fupa la paja lilikatwa kwa nyuzi 90 kutoka mstari wa mfupa.

Sentensi ya pili huleta kosa la nyuzi 6 hivi, mara mbili ya kiwango kinachovumiliwa.

Tazama pia: matege, yaani miguu iliyopinda magoti yakaachana. Kwa mwenye matege, mstari wa kutoka nyonga hadi kifundo hupita upande wa ndani wa goti. Neno hili linatosha, halihitaji mkopo.