Kwa Nini Nzige Huuacha Mwarubaini

Wakaazi wa Mwingi hawajasahau mwanzo wa mwaka wa 2020. Nzige wa jangwani waliingia Kenya mwishoni mwa Desemba 2019, na baada ya wiki chache walikuwa Kitui. Nzige mmoja mzima hula takriban gramu 2 kwa siku, sawa na uzito wake. Lakini kuna mti ambao huuacha: mwarubaini. Mwaka wa 1959 nchini Sudan, mtaalamu wa wadudu kutoka Ujerumani, Heinrich Schmutterer, aliona nzige wakimaliza majani ya miti mingine na kuuacha mwarubaini ukiwa kijani.

Sababu iko katika mwili wa mdudu. Nzige huonja kabla ya kula, kwa vinyweleo vilivyo kando ya mdomo. Mwarubaini una kemikali iitwayo azadirakitini, ambayo ni nyingi zaidi kwenye mbegu. Vinyweleo vikiigusa, nzige huacha kula.

Si wadudu wote wanaohisi ladha hiyo. Kuna panzi wa Marekani wanaokula bila shida, lakini baadaye hudhurika. Mdudu hukua kwa kujivua ngozi yake ngumu, na homoni ndiyo huongoza kazi hiyo. Azadirakitini huivuruga. Tunutu, yaani nzige mchanga asiye na mabawa, hushindwa kujivua na kufa.

Mukau, mti wetu wa Ukambani, ni wa jamii moja na mwarubaini. Utafiti umeonyesha kuwa matunda yake pia huwazuia nzige kula, ingawa mbuzi wetu hula majani yake wakati wa kiangazi bila kudhurika.

Haya yana maana gani shambani? Wakulima wengi hunyunyiza maji ya mwarubaini, wakaona wadudu wangali hai kesho yake, wakaacha. Dawa hii haiui papo hapo. Hupunguza ulaji kwanza, kisha huzuia ukuaji kwa siku kadhaa.

Ili ifanye kazi:
• Twanga mbegu kavu zisizo na ukungu. Loweka gramu 50 kwa lita moja ya maji usiku kucha, kisha chuja.
• Nyunyiza jioni, kwa sababu jua huharibu kemikali hiyo.
• Anza wadudu wakiwa wachanga. Rudia baada ya wiki moja, au mvua ikinyesha.
• Weka mbegu na mafuta yake mbali na watoto. Mafuta hayo ni hatari mtoto akiyameza.

Dawa hii haiwezi kuzuia kundi kubwa la nzige wazima. Ukiona tunutu wamekusanyika, mjulishe chifu au afisa wa kilimo wa wadi yako siku hiyo hiyo, kabla hawajaota mabawa. Ndugu zetu wa Makueni nao wafanye vivyo hivyo, kwani nzige hawajui mpaka wa kaunti.