Weusi Si Giza



Aliyesafiri kwa gari baina ya Mombasa na Nairobi anaijua Mtito Andei, mji ulio takriban nusu ya safari, ambapo mabasi husimama ili abiria wapate kula na kusali. Jina lenyewe ni la Kikamba, na maana yake ni msitu wa tumbusi. Wengi huishia hapo mjini wakarudi njiani. Lakini aingiaye lango la Hifadhi ya Tsavo Magharibi na kuelekea milima ya Chyulu hukuta uwanda wa mawe meusi, urefu wake takriban kilomita 8, yaliyomiminika kutoka ardhini yakiwa moto, yakaganda yapata miaka 200 iliyopita. Mawe hayo yanaitwa Shetani. Inasimuliwa kuwa wenyeji walioiona ardhi ikitapika moto walidhani Ibilisi mwenyewe ametoka, na hatuwezi kuwalaumu. Moto ulizimika zamani. Jina ndilo lililobaki, nalo leo limekaa juu ya weusi mtupu.

Sasa tazama kazi ya weusi huo. Milima ya Chyulu haina mito. Mvua inyeshapo hunywewa na majivu na mawe ya volkano yenye matundu, maji yakachujika chini kwa chini, hata yakatokea katika chemchemi ya Mzima yakiwa safi kama kioo. Kutoka Mzima, bomba la zaidi ya kilomita 200 huyaleta Mombasa. Basi wako wengi wetu wanaotawadha kwa maji yaliyopita katika mawe ya jamii ile ile iliyopewa jina la adui wa Mwenyezi Mungu.

Katika Sura Fatir, aya ya 27 na 28, Mwenyezi Mungu (S.W.T.) anataja matunda ya rangi mbalimbali, kisha milima yenye mistari myeupe, na myekundu, na myeusi sana, kisha, pasi na kukata maneno, anataja watu na wanyama wa rangi mbalimbali. Jiwe na ngozi vimetiwa katika uzi mmoja wa ishara zake, wala hapana rangi iliyotangulizwa mbele ya nyingine kwa ubora. Aliyetofautishwa hapo ni mwenye elimu, kwa kuwa ndiye amchaye Mola wake.

Yuko atakayeuliza: je, si Qur'ani hiyo hiyo iliyosema kuwa nyuso za baadhi ya watu zitasawijika Siku ya Kiyama? Naam, imo katika Sura Aal Imran, aya ya 106. Lakini isomwe pamoja na Sura An-Nahl, aya ya 58, inayomweleza mtu wa zama za ujahiliya aliyepewa habari ya kuzaliwa binti, uso wake ukasawijika. Ngozi ya mtu huyo haikubadilika. Iliyoonekana usoni ni hamu na ghadhabu, kama nasi tusemavyo kuwa fulani amekunja uso. Aya hiyo yamkemea mzazi anayechukia kupata binti. Na katika nyumba zetu wapo wanaopokea binti kwa shangwe, kisha hamu ikawaingia waonapo rangi yake.

Kiini cha kosa letu ni kuchanganya weusi na giza. Kwa Kiarabu, neno la giza limetoka katika mzizi mmoja na neno dhuluma, na Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa dhuluma itakuwa giza juu ya giza Siku ya Kiyama. Neno la weusi lina mzizi mwingine kabisa, na herufi zake tatu ndizo zile zile zilizojenga neno sayyid, yaani bwana mkubwa. Anayetafuta giza na alitafute katika mizani iliyopunjwa na mali ya yatima iliyoliwa. Mtume (S.A.W.) aliingia Makka siku ya ushindi, mwaka wa 8 Hijria, akiwa na kilemba cheusi kichwani. Na mama zetu wa pwani wamejisitiri kwa buibui jeusi miaka mingi bila mtu kuliita la nuksi.

Hata hivyo binti mwenye rangi ya maji ya kunde husifiwa mbele ya dada yake mweusi, naye mweusi akiwa papo hapo anasikia. Posa ikija, swali la rangi hutangulia swali la dini. Sahaba Abu Dharr (R.A.) alipomtusi mtu kwa kumtaja mama yake, Mtume (S.A.W.) alimwambia kuwa bado ndani yake umo ujahiliya. Maneno hayo aliambiwa sahaba; shangazi anayemwita mtoto wa kaka yake masizi aambiweje?

Maneno hayo ndiyo yanayowapeleka wasichana kwenye mkorogo, hasa miezi ya kuelekea harusi. Baadhi ya mafuta na sabuni za kujichubua huwa na zebaki, ambayo huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, lakini hupenya mwilini ikadhuru figo na mishipa ya fahamu. Na kwa mja mzito humfikia mtoto tumboni. Mkataba wa kimataifa wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, umelenga pia vipodozi vya namna hii. Mara nyingi kopo halitaji zebaki iliyomo. Aliyekwisha kuyatumia asione haya kumwendea daktari, achukue na kopo lenyewe, aombe figo zake zipimwe.