JICHO LA SERIKALI: LINATULINDA AU LINATUWINDA?

Katika somo la Historia na Serikali tunafundishwa kwamba kazi ya kwanza ya serikali yoyote ni kulinda maisha na mali ya raia. Hilo halina ubishi. Lakini ili ikulinde, ni sharti ikujue: wewe ni nani, unaishi wapi, unazungumza na nani. Hapo ndipo utata huanza. Nitajaribu kuueleza utata huo kwa mambo yaliyotokea hapa hapa kwetu, kati ya Kitale na Bungoma, maana wengi wetu hudhani ujasusi ni mambo ya filamu za Marekani tu.

Hebu tuanze na kipande. Masetla walipojichukulia mashamba ya Trans Nzoia baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, walihitaji vibarua, tena vibarua wasiotoroka. Sheria iliyotungwa mwaka wa 1915, na kuanza kutekelezwa baada ya vita hivyo, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake na habari za kazi yake. Karatasi yenyewe ilitiwa ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Aliyeondoka shambani kabla mwajiri hajatia sahihi alikuwa mhalifu. Ati ni utaratibu! Lakini Mzungu hakuvaa kikebe. Ilikuwa hadi 1947 ndipo ikatungwa sheria ya kuwaandikisha watu wa rangi zote.

Upande wa Bungoma, jicho lilimwangukia Elijah Masinde wa Kimilili, mchezaji kandanda hodari aliyegeuka kiongozi wa Dini ya Msambwa. Mwaka wa 1945 serikali ya mkoloni ilimpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Februari 1948, huko Malakisi, polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa dini hiyo na kuwaua watu 11. Mwaka huo huo dini ikapigwa marufuku, naye Masinde akawekwa kizuizini kwa miaka mingi. Mtu angetarajia uhuru ulete mwisho wa hayo. La hasha! Mwaka wa 1968 serikali yetu wenyewe iliipiga marufuku tena.

Sasa tuje kwenye kisa kigumu zaidi, maana hapa hatari ilikuwa ya kweli. Kuanzia 2006 hivi, kundi la wapiganaji lililojiita SLDF lilizuka katika Mlima Elgon kwa sababu ya ugomvi wa ardhi ya Chebyuk. Kundi hilo liliua, likakata watu masikio na kuwatoza wanakijiji kodi. Mashirika ya haki za binadamu yalikadiria waliouawa kuwa zaidi ya 600. Maelfu walihama, wengine wakateremkia Bungoma na wengine Trans Nzoia. Kwa hivyo jeshi lilipoingia Machi 2008 katika Operesheni Okoa Maisha, wenyeji wengi walishangilia. Hata mimi ningeshangilia.

Lakini lilifanyaje kazi? Wanaume na wavulana walikusanywa kijiji kwa kijiji na kupelekwa kambi ya Kapkota. Huko walipigwa, kisha wakapitishwa mbele ya wambea waliofichwa ndani ya magari. Mmbea alionyesha huyu au yule, na aliyeonyeshwa hakumwona aliyemwonyesha. Fikiria, msomaji: katika mahali ambapo majirani wamegombania mashamba miaka nenda miaka rudi, mtu anapewa nafasi ya kunyosha kidole gizani! Mamia walishtakiwa katika mahakama ya Bungoma. Wengine hawakurudi makwao hadi leo. Sisi wa bweni, kukiwa na msako wa simu, tunanuna wiki nzima tusipojua nani alitutaja, na adhabu yetu ni kufyeka nyasi tu.

Je, sheria yasemaje? Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya nyumba na mawasiliano yako. Hata hivyo haki hiyo si ya mwisho. Kifungu cha 24 kinaruhusu ipunguzwe, mradi ipunguzwe kwa sheria, kwa sababu ya maana, na pasiwe na njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo hilo. Ndiyo maana Februari 2015, Mahakama Kuu ilipochunguza sheria za usalama zilizopitishwa Desemba 2014 baada ya mauaji ya Mandera, ilifuta vifungu vinane lakini ikaacha kile cha kunasa mawasiliano ili kuzuia ugaidi. Na Januari 2020, katika kesi ya Huduma Namba, ilikataza kukusanywa kwa DNA. Mimi naona hukumu hizo mbili zilifuata njia ya kati. Lakini mateso hayamo kabisa katika mizani hii. Kifungu cha 25 kinasema uhuru wa kutoteswa haupunguzwi kwa lolote, hata kukiwa na vita. Katiba ya zamani, iliyotumika 2008, nayo ilikataza mateso.

Basi mbona waliopitia Kapkota hawakupata haki? Shirika moja la kutetea waathiriwa wa mateso liliishtaki Kenya katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, mwaka wa 2010. Machi 2012 kitengo cha rufaa kiliitupa kesi hiyo, si kwa kuwa hakuna aliyeteswa, bali kwa kuwa mkataba wa Jumuiya huwapa walalamishi miezi miwili tu. Miezi miwili! Mama anayemtafuta mwanawe kwenye vituo vya polisi na vyumba vya maiti, hata nauli ya Bungoma hana, angefikaje Arusha?