Taa Inayomulika Ukurasa

Haya wajukuu zangu, vuteni blanketi tukae. Usiku wa Julai hapa Mbeya unang'ata, na wenzenu wa Iringa wanatetemeka vilevile. Umeme nao umekatika. Atakaye kusoma hadithi saa hizi ana mshumaa, koroboi yenye moshi, tochi ya simu, au kifaa hiki chembamba cha kusomea vitabu kilicho mkononi mwangu, chepesi kuliko kaunta buku. Mmeniuliza kama shule yenu ivinunue vifaa vya namna hii. Nitawajibu, ila kwanza mjue kinavyofanya kazi, maana humo ndimo zilimo nguvu zake na udhaifu wake.

Kabla hamjazaliwa, palikuwa na mwalimu wa Chuo cha MIT huko Marekani, Joseph Jacobson. Mwalimu huyu alitamani kitabu kimoja kiwezacho kugeuka kuwa kitabu chochote. Akaishughulikia ndoto hiyo pamoja na wanafunzi wawili, Barrett Comiskey na J.D. Albert, na mwaka 1997 ikazaliwa kampuni ya E Ink. Walichobuni ni hiki: chini ya kioo cha kifaa kama hiki wamepanga vifuko vidogo mno, upana wa kimoja unakaribia unywele wa binadamu. Ndani ya kila kifuko mna chembe nyeupe na chembe nyeusi zinazoelea katika majimaji, na kila rangi ina chaji yake ya umeme. Umeme ukipitishwa hivi, nyeupe hupanda juu. Ukigeuzwa, hupanda nyeusi. Herufi zote mnazoziona hapa ni chembe nyeusi zilizopanda.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Chembe zikishapanda, zinakaa palepale bila kula umeme hata kidogo. Umeme unatakiwa tena pale tu unapofungua ukurasa mwingine. Ndiyo maana chaji yake inaweza kudumu wiki kadhaa, wakati simu ya baba yenu inatafuta soketi kila jioni. Kwa nyumba ambayo lazima ipeleke simu kuchajiwa dukani kwenye sola, hilo si jambo dogo.

Lakini chembe hizo haziwaki. Kindle ya kwanza, kifaa cha namna hii cha kampuni ya Amazon cha mwaka 2007, usiku ilihitaji taa pembeni kama karatasi. Taa ya ndani ilienea mwaka 2012, mwaka ambao vilitoka vifaa vya Nook yenye taa, Kindle Paperwhite na Kobo Glo. Taa ndogo zimepangwa ukingoni mwa kioo, na juu ya ukurasa umelazwa utando angavu unaosambaza mwanga na kuuteremsha chini. Mwanga unagonga chembe nyeupe, kisha ndipo unarudi machoni mwako. Kwenye simu ni kinyume, na hata kwenye vile vishikwambi vya sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu: taa iko nyuma ya kioo na inakuja moja kwa moja usoni. Mtu anayesimama nyuma yako akakumulikia kitabu kwa tochi amekusaidia. Anayekuelekezea tochi hiyohiyo machoni amekusumbua.

Kwa hiyo mahali pa kwanza pa kukipima ni gizani. Zimeni kila kitu, fungueni ukurasa wenye maandishi machache, punguzeni mwanga hadi uwe hafifu, kisha tazameni sehemu ya chini. Je, weupe ni mmoja, au kuna madoa ya kivuli? Paperwhite ya 2012 ilikuwa na taa 4 tu, na Amazon wenyewe walikiri kwamba mwanga wa sehemu ya chini ya kioo haukuwa mkamilifu. Ile ya 2021 ina taa 17, na rangi ya mwanga unaweza kuigeuza iwe ya manjano kama ya jioni. Ukiuziwa kifaa cha mitumba, kipimo hiki usikiruke.

Pa pili ni juani. Pandeni jiwe la Gangilonga pale Iringa saa saba mchana, au kaeni dirishani kwenye basi linalopanda Kitonga. Simu hapo inageuka kioo cha kujitazamia uso. Kifaa hiki jua likizidi ndivyo herufi zinavyokolea, na taa yake unaizima kabisa. Mimi nakipenda hasa kwa sababu hii. Nyanda za Juu zina jua kali la mchana na giza nene la usiku, na kwingi kunakohitaji vitabu ndiko kunakokosa taa ya kutegemewa.

Baridi yetu haikidhuru sana. Kindle imetengenezwa kufanya kazi kati ya nyuzi 0 na 35 za Selsiasi. Kule Kitulo, kunakoanguka sakitu, kurasa zitageuka kwa uvivu. Mwanjelwa au Kihesa hutaona tofauti.

Linaloniuma ni kuvunjika. Mwaka 2010 shirika la Worldreader lilianza kuwapa wanafunzi wa Ghana vifaa vya kusomea, na baadaye Wakenya wa Kilgoris. Katika mradi wa majaribio wa Ghana, takriban vifaa 4 kati ya kila 10 viliharibika. Watoto wale hawakuwa wazembe. Kioo hiki ni chembamba, na ukikikalia ndani ya begi au kikianguka kutoka kwenye bodaboda, nusu ya ukurasa inabaki na mistari milele. Kitabu cha karatasi kikianguka kwenye tope la Tukuyu, unakianika, unaendelea kusoma.

Halafu kuna vitabu vya shule, na hapa nataka mnisikilize vizuri. Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao yenye vitabu vya kiada. Chukueni ukurasa mmoja wa baiolojia, wenye mchoro wa moyo na majina kumi pembeni, muuweke kwenye kioo cha inchi 6. Majina yanakuwa mchanga. Ukivuta kuukuza, mchoro unakatika; ukisogeza, kurasa zinachelewa kufuata kidole na kuacha kivuli cha ukurasa uliopita. Ramani ya jiografia ni mbaya zaidi, kwa sababu kijani cha bonde la Usangu na kahawia ya milima ya Uporoto vyote vinakuwa kijivu. Vifaa vya rangi vipo siku hizi, ila bei yake iko juu na rangi zake zimefifia. Kwa kiada, kishikwambi cha mwalimu kinakishinda kifaa hiki waziwazi.

Kwa hadithi ndefu, hapo hakina mpinzani. Unakuza herufi kwa ajili ya bibi asiyeona vizuri, hakuna ujumbe unaoingia kukuvuruga, na katika uzito wa kitabu kimoja umebeba mamia.

Mamia ya nini, basi? Hili ndilo swali lililonikaa moyoni. Ukitaka riwaya za Kiingereza, za kale hazilipiwi na za leo zimejaa. Ukitaka za Kiswahili, rafu ni nyembamba. Mradi wa African Storybook unatoa hadithi za Kiswahili za bure, nazo ni nzuri kwa wadogo zenu, ijapokuwa picha zake za rangi zitaonekana za kijivu. Riwaya nyingi tulizosoma sekondari bado zinapatikana kwa karatasi tu. Tena kitabu ulichonunua kwenye duka la kampuni mara nyingi kimefungwa kwa akaunti yako. Huwezi kumwazima jirani kama tunavyoazimana hapa, mkono kwa mkono, mpaka jalada linachakaa.

Hukumu yangu ni hii. Shule yenye fedha kidogo ijaze kabati la karatasi kwanza. Ikibakiwa na akiba, inunue vifaa vichache vyenye taa ya mbele, vikae maktaba katika makava magumu, viazimwe na wapenda hadithi wanaoishi pasipo umeme. Visinunuliwe kwa ajili ya kiada. Nanyi kesho mkifika kwa mwalimu mkuu, mwombeni orodha ya vitabu vya Kiswahili vitakavyokuwamo siku ya kwanza. Akikosa orodha, mwambieni asubiri.