Mtu mmoja akijaza jukwaa kwa milio

Ngoma zilizotangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam zilisikika Singida kama zilivyosikika Lindi. Ukizisikiliza unadhani ni kundi zima. Kumbe alikuwa Mzee Morris Nyunyusa peke yake, kipofu aliyezungukwa na ngoma nyingi za ukubwa mbalimbali.

Watu humsifia mikono myepesi. Mimi namsifia zaidi mpangilio. Kila ngoma sharti iwe mahali ambapo mkono utaikuta bila kuitafuta, na sauti yake iachane wazi na ya jirani yake. Sauti zikikaribiana mno, sikio huzichanganya. Zikiachana, mtu mmoja anasikika kama wawili wanaojibizana.

Ndiyo maana vyombo vya nyumbani, ambavyo milio yake huachana wazi, vinafaa sana jukwaani. Kando ya barabara za Singida hupangwa madumu ya mafuta ya alizeti. Dumu tupu lina mlio mfupi unaozimika upesi, kwa kuwa plastiki hunyonya mtikisiko. Linafaa mapigo ya harakaharaka. Bapa la jembe lililoning'inizwa kwa kamba hulia kwa muda mrefu. Chupa ya kioo ina mambo yake: ukiigonga, kila unapoongeza maji sauti inashuka, maana kioo kinatikisika kikiwa na mzigo; lakini ukiipuliza mdomoni sauti inapanda, maana hewa iliyobaki ndani ni kidogo.

Na mawe je? Huko Moru, Serengeti, kuna mwamba wenye vishimo vilivyochimbika kwa kugongwa, na hulia kama chuma. Jiwe hulia likiwa halina ufa na limeegemea sehemu chache tu. Lililozama udongoni ni bubu. Singida, mkoa wa majabali ya matale, ina kila sababu ya kuyagonga na kuyasikiliza.

Lakini onyesho la mtu mmoja si milio tu; ni maigizo pia, na sehemu hiyo ya maigizo huanzia kwenye mwili. Mkono ulioinuliwa tayari umeahidi pigo, na msanii anaweza kulichelewesha, kulihamishia kwenye njuga za mguuni, au kulinyima kabisa. Evelyn Glennie, mpigaji wa ngoma na ala nyingine za kugonga kutoka Uskoti, aliyepoteza usikivu utotoni, hupiga bila viatu ili mtikisiko umfikie kupitia sakafu, na hadhira humwona akiupokea. Vijana wetu wanaotunga maonyesho ya namna hii wafanye mazoezi ya kusogea kati ya dumu, jembe na ngoma kwa bidii ileile wanayofanyia mapigo yenyewe.