Kigoda cha Miguu Mitatu

Ukisimama Lemara, katika mji wa Arusha, na kutazama upande wa kaskazini, waona mlima Meru. Katika misitu yake imo miti ya asili, kama mtarakwa na mzeituni wa mwitu. Tena yako mashamba ya misonobari iliyopandwa kwa ajili ya mbao. Msonobari hukua miaka mingi kabla ya kupasuliwa mbao. Basi mtu akitengeneza kigoda, nacho kikavunjika mwaka wa pili, hakupoteza fedha zake tu. Amepoteza na kazi ya mti ya miaka hiyo yote.

Kwa nini vyombo vya mbao huharibika upesi? Mara nyingi sababu ni maji. Ubao mbichi umejaa maji, na unapokauka hunywea. Tena haunywei sawasawa: katika urefu hupungua kidogo sana, lakini katika upana hupungua zaidi. Ndiyo sababu ubao uliopigiliwa misumari ungali mbichi hupinda au hupasuka, na mguu uliokaza wakati wa masika hulegea wakati wa kiangazi.

Basi, kwanza kausha mbao zako. Zipange kivulini, zisiguse ardhi, na kati ya ubao na ubao weka vijiti vya unene mmoja, ili upepo upite. Usizianike juani, maana uso hukauka kabla ya ndani, na ubao hupasuka. Utajuaje kwamba zimekauka? Chukua kipande kimoja, ukipime katika mizani kila juma, na kuandika uzito wake. Kikiwa chazidi kupungua, maji yangali yakitoka. Kikikoma kupungua, mbao zako ni tayari.

Sasa tutengeneze kigoda. Kiwe na miguu mitatu, wala si minne. Kigoda cha miguu minne huyumba juu ya sakafu isiyo sawa, lakini cha miguu mitatu hutulia hata juu ya sakafu ya udongo.

Kwa kukalia, twaa ubao wenye unene wa inchi 2, ukate kipande cha inchi 10 kwa 10. Piga msumari mdogo katikati, funga uzi wa inchi 3 na nusu, na kwa penseli uchore duara. Kisha kwa urefu ule ule wa uzi, pima juu ya duara kutoka alama hata alama. Utapata alama 6 barabara. Chukua moja, ruka moja, nawe umepata mahali pa miguu mitatu.

Toboa matundu kwa keekee, ukiiinamisha kidogo ili miguu itanuke chini. Miguu iwe na urefu wa inchi 12, nayo sharti iwe mikavu kuliko ubao wa kukalia. Waweza kuiweka siku kadhaa darini juu ya meko. Chonga ncha zake zijae katika matundu. Pasua kila ncha kidogo kwa msumeno, uingize mguu, kisha upige kabari katika mwanya ule. Angalia sana: kabari na ikingame nyuzi za ubao wa kukalia. Ikizifuata, ubao utapasuka. Baadaye miguu ile mikavu itapata unyevu kidogo wa hewa, itavimba, na kukaza zaidi. Hivyo maji yaliyokuwa adui yamekuwa msaidizi wako.

Ukiisha, piga msasa, kisha upake mafuta ya kitani mara mbili au tatu, ukiyaacha yakauke kila mara. Lakini kitambaa ulichopakia usikikunje na kukitupa pembeni. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa chaweza kuwaka moto chenyewe. Kitandaze nje, mbali na nyumba, hata kikauke kabisa.

Wako na adui wengine wawili. Mchwa hutoka ardhini, nao hujenga njia za udongo. Bungua hutoboa matundu madogo, na unga huanguka chini yake. Wote wawili hupenda zaidi sehemu nyeupe ya nje ya mti kuliko moyo wake. Mtarakwa husifiwa kwa sababu hiyo: moyo wake huwashinda mchwa miaka mingi.

Basi usikiache kigoda mvuani, wala mahali penye unyevu. Kila mwezi kigeuze, ukitazame chini. Ukiona mguu umeanza kulegea, piga kabari mpya siku ile ile, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Kigoda kilichotunzwa hivyo hukaliwa na bibi, kisha hukaliwa na mjukuu wake.